Jinsi ya Kumuogesha Baharia Asiyejua Kuomba Maji

Kwenye vyombo vingi vya uvuvi vya pwani yetu, samaki wakishauzwa pesa hugawanywa mafungu. Kuna fungu la chombo, kuna la nyavu, kuna la mabaharia, na kuna la mashine. Hakuna anayelalamika kwamba mashine inapewa chake, kwa sababu bila yake safari ya miamba ya mbali ingekuwa ya kubembeleza upepo. Kwa hesabu ya mgao, basi, ile mashine iliyofungwa tezini ni baharia kamili. Sasa tazama kinachotokea chombo kikifika. Nahodha anakwenda kuoga. Vijana wanakwenda kuoga. Hata nyavu zinatandazwa zipigwe na jua. Yule wa tezini, aliyekunywa bahari tangu alfajiri peke yake, anabebwa begani hadi bandani, anaegemezwa ukutani, anafunikwa gunia, anaambiwa kesho.

Mwongozo huu ni wa kumtetea. Unamhusu kila mwenye mashine ya kupachika inayofanya kazi kwenye maji ya chumvi, kuanzia Lamu mpaka Mtwara: mvuvi wa Vanga, kijana anayepeleka watalii kuzamia Nungwi, mchukuzi wa abiria wa Mafia, na tajiri aliyekaa mjini anayeuliza kwa simu kwa nini mashine mpya inachemka. Wenzetu wa Mwanza, Kisumu na Kigoma wasome kwa burudani tu, kwani mashine zao huoga huku zinafanya kazi.

Na wao ndio waliorithi mashine hii kama ilivyokusudiwa. Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norwei aliyeanza kuuza mashine zake mjini Milwaukee mwaka 1909, husimuliwa kwamba wazo lilimjia siku alipopiga makasia juani kwenye Ziwa Okauchee kumfuatia mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka kabla hajamfikia. Ziwa lile ni la maji baridi. Sisi tumeichukua mashine ya mahaba ya ziwani tukaitia kwenye Bahari ya Hindi, nayo imekubali bila kulalamika. Angalau tuipe maji.

Hatua ya kwanza ni kujua inachokunywa. Gari lina rejeta, huzungusha maji yale yale kila siku. Mashine ya boti haina rejeta. Bahari ndiyo rejeta yake. Ndani ya mguu wa mashine, juu kidogo ya rafadha, kuna impela ndogo ya mpira inayozungushwa na shafti. Impela hiyo huvuta maji kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa mguu, huyasukuma juu kwenye vijia vyembamba vinavyozunguka silinda, kisha maji hushuka na kutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo hutokea nyuma kama mchirizi, na huo ndio ushahidi pekee anaouona nahodha kwamba ndani mambo ni salama.

Kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Dumu moja la lita 20 lina gramu 700, karibu robo tatu ya kilo. Mashine ikiendeshwa saa kadhaa hupitisha madumu mengi mno, na chumvi nyingi hupita tu ikaenda zake. Shida huanza inapozimwa. Chuma kina moto, maji yaliyobaki kwenye vijia na kona yanakauka, na chumvi haina mvuke wa kuondokea. Inabaki pale pale. Kesho inaongezwa nyingine. Aluminiamu ya mashine hulindwa na utando mwembamba wa oksidi, na kloridi iliyomo kwenye chumvi hutoboa utando huo kidogokidogo, hasa pale aluminiamu inapogusana na bolti za chuma kisichoshika kutu. Ndiyo sababu bolti ya mashine iliyonyimwa maji hukatika mikononi mwa fundi kabla hata hajaikaza spana vizuri.

Pamoja na chumvi kuna chokaa. Maji ya bahari yakipashwa moto sana huacha chokaa kwenye kuta za vijia, kitu kile kile ambacho matumbawe hujijengea, na ambacho mababu waliyachoma matumbawe kukipata walipojenga Gedi na Kilwa Kisiwani. Majengo yale yamesimama karne nyingi, na chokaa iliyoganda ndani ya kichwa cha mashine nayo ina nia hiyo hiyo. Maji baridi hayayeyushi chokaa iliyokwisha kuganda. Kazi yake ni kuondoa chumvi kabla haijaziba njia, ili mashine isichemke, ili chokaa isipate moto wa kugandia.

Habari njema ni kwamba chumvi ni adui dhaifu ukimuwahi. Lita moja ya maji baridi inaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 300 za chumvi ya kawaida. Maji ya kuogeshea si lazima yawe mengi. Yanatakiwa yafike kila kona, na yafike leo.

Hatua ya pili ni kumaliza visingizio, na tuvimalize kwa heshima, maana kila kimoja kina punje ya ukweli.

«Kesho alfajiri tunatoka tena, ya nini kuosha?» Ni kweli maji ya bahari ya kesho yatayeyusha sehemu ya chumvi ya leo, kwani bahari bado ina nafasi ya kuyeyusha zaidi. Lakini maji hupenda njia pana. Yatasafisha pale ambapo tayari ni safi, na kona iliyoanza kuziba yataipita pembeni.

«Maji ya kisima chetu nayo yana chumvi.» Kisima chenye gramu 2 au 3 kwa lita ni kibaya kwa chai, ndugu yangu, lakini hakifikii hata sehemu ya kumi ya bahari. Kwa mashine hayo ni maji ya kuogea, tena ya kumshukuru Mungu.

«Mashine hii ni ngumu, ya mipigo miwili, haijawahi kuumwa.» Ugumu wake ni wa kweli. Imeundwa kwa vitu vichache na fundi yeyote wa ufukweni anaifungua. Ila aluminiamu yake inaliwa na chumvi kama aluminiamu nyingine yoyote.

«Mashine ni ya tajiri.» Siku itakapozima nje ya mwamba, kusi linavuma, atakayeshika kasia si tajiri.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha mwongozo huu, nami nitakaa hapa kuliko pengine popote. Mashine za pwani yetu hazikosi kuogeshwa kwa sababu watu hawajui. Ukimuuliza kijana yeyote wa Kilindoni au Mkokotoni kama maji baridi yanasaidia, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Hazioshwi kwa sababu maji yako mbali na pale mashine inapolala. Mtu aliyetoka baharini na usingizi, anayebeba mashine ya farasi 15 inayokaribia kilo 40, akapita nayo kwenye tope la maji kupwa mpaka bandani, hana nguvu za kuanza kutafuta dumu, mpira, klipu na mtu wa kumshikia. Ukimhubiria atakukubalia, na kesho yake utaikuta mashine ukutani kama jana. Mhurumie, kisha msogezee maji.

Weka pipa mlangoni mwa banda. Hilo ndilo jambo lenyewe. Lile pipa la plastiki la bluu la lita 200 linatosha kabisa: urefu wake ni sentimita 90 hivi, upana unakaribia 60. Kata mfuniko wa juu, lainisha ukingo usije ukakata mikono. Kando yake simamisha nguzo mbili za mti mgumu zilizozikwa vizuri, na juu yake pigilia ubao mnene kama ule wa tezi ya boti, ukae sawasawa na mdomo wa pipa. Mashine ifungwe kwenye ubao huo, mguu uning'inie ndani ya pipa. Ubao ubebe uzito wote. Pipa lisibebe chochote ila maji. Ukiifunga mashine kwenye ukingo wa pipa lenyewe, plastiki itapinda, mashine itainama, na utaokota kila kitu chini.

Pima kabla ya kupigilia. Mashine ya mguu mfupi hukaa kwenye ubao wenye urefu wa sentimita 38 kutoka juu hadi kwenye lile bapa lililo juu ya rafadha; ya mguu mrefu ni sentimita 51. Kwa mguu mrefu pipa la lita 200 bado lina nafasi chini ya rafadha. Maji yafike juu ya bapa hilo, yakiwa yamefunika kabisa matundu ya kunyonyea. Kwa pipa la upana huo na mguu mrefu utahitaji lita 100 na kitu. Kwa mguu mfupi maji yatapanda zaidi, basi tupa mawe mawili makubwa safi chini ya pipa, mbali na rafadha, yashike nafasi ya maji.

Lita 100 ni madumu matano, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa: nani atachota madumu matano kila jioni? Hakuna, wala haihitajiki. Piga hesabu nami. Tuseme mashine inaleta lita 1 ya maji ya bahari ndani yake. Hiyo ni gramu 35 za chumvi, zikichanganyika na lita 100 unapata theluthi moja tu ya gramu kwa lita. Baada ya kuoga mara 10 kwenye maji yale yale utakuwa na gramu 3.5 kwa lita, sehemu ya kumi ya bahari, bado ni maji ya maana. Kwa hiyo chukua kipande cha chaki, chora mstari kwenye pipa kila mashine inapooga, na ikifika mistari 10 mwaga, jaza upya, futa. Kabla ya kuitia pipani imwagie makopo mawili matatu ya maji mguuni, ili chumvi na mchanga wa nje vibaki nje. Utando wa oili utakaoelea juu uokote kwa kitambaa kikuukuu, na maji machafu yamwagwe mbali na kisima na mbali na mikoko.

Nani afanye kazi hiyo kila jioni? Kijana mmoja, yule yule, anayejulikana. Kazi ya wote ni kazi ya hakuna mtu. Na kwa kuwa mashine ina fungu lake kila mgao, posho ya kijana huyo itoke kwenye fungu hilo. Tajiri akikunja uso, mwonyeshe bei ya kichwa kipya cha silinda.

Hatua ya nne ni kuoga kwenyewe, na haina mengi. Gia iwe nyutro, na uhakikishe kwa mkono, si kwa macho. Ukiweza kufungua rafadha, ifungue. Usipoweza, watoto wakae mbali na pipa. Washa, acha mwendo wa chini kabisa, tazama mchirizi. Usipotoka ndani ya sekunde chache, zima. Impela ni ya mpira na hulainishwa na maji yenyewe. Ikizunguka kavu huungua haraka sana, na mtu aliyetaka kuiokoa mashine anakuwa ameiua kwa mikono yake. Mchirizi ukitoka vizuri, subiri dakika 10. Subira hiyo ina maana yake: kwenye kichwa cha mashine kuna themostati, kilango kinachofunguka maji yakipata joto, kwa mashine nyingi kati ya nyuzi 50 na 60 hivi. Ukizima baada ya dakika mbili, kilango hakijafunguka, na umemuosha baharia miguu tu.

Fanya haya nje, penye upepo. Banda lililofungwa hujaa moshi wenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Kofia ya mashine ikiwa imefunguliwa, vazi lenye pindo na kanga ya kiunoni visikaribie.

Neno moja kwa mafundi, na nalisema kwa upendo. Kuna tabia ya kung'oa themostati kabisa mashine inapoanza kuchemka, na kumwambia mwenye mashine kwamba sasa itapoa. Itapoa, tena kupita kiasi. Mashine ya petroli isiyofikia joto lake haiunguzi mafuta vizuri, plagi huchafuka, na mafuta ya mwezi yanakwisha kabla ya mwezi. Themostati iliyoganda kwa chokaa itolewe, ilowekwe kwenye siki au maji ya ndimu mpaka chokaa imalize kutoa mapovu, isuguliwe kwa mswaki mkuukuu, isuuzwe sana kwa maji baridi, kisha itiwe kwenye sufuria ya maji ya moto ionekane kama inafunguka. Ikifunguka irudi mahali pake. Isipofunguka inunuliwe mpya. Siki isiachwe ndani ya mashine, kwani asidi nayo inakula aluminiamu.

Wapo ambao pipa haliwafai. Boti za watalii na za abiria zenye mashine kubwa mbili hazibebwi begani. Zinalala majini, mashine zimeinuliwa juu. Kwa hao zipo njia tatu, na njia rahisi kuliko zote huwa tayari imefungwa kwenye mashine yao na hawajawahi kuigusa. Mashine nyingi za kisasa za mipigo minne zina mdomo maalumu wa kuunganishia mpira wa maji, umefungwa kwa kifuniko kidogo ubavuni au nyuma. Unaufungua, unaunganisha mpira, unaacha maji yapite dakika 10 hadi 15 mashine ikiwa imezimwa. Nasema imezimwa, na kitabu cha mashine kitasema hivyo hivyo: maji ya mdomo huo hayafiki kwenye impela inavyotakiwa, na ukiwasha unaikausha. Uzuri wa njia hii ni kwamba haina kelele, haina moshi, na anayeifanya anaweza kuendelea kusugua sitaha.

Penye gati lenye bomba, kazi imekwisha. Pasipo na bomba, beba bahari yako ya maji baridi mwenyewe: madumu mawili ya lita 20, na pampu ndogo ya umeme wa betri ya volti 12, ile ile inayotumika kutoa maji tumboni mwa boti. Nunua moja iwe ya kazi hii tu, safi, haijaonja oili. Itumbukize dumuni, unganisha mpira wake na mdomo wa mashine, gusisha nyaya kwenye betri. Msukumo wake si mkubwa, lakini maji yanapanda na chumvi inashuka. Wengine huinua tangi juu ya paa la boti wakitumaini uzito wa maji utafanya kazi. Utafanya, kwa unyonge: mita 10 za kimo ndizo zinazotoa msukumo wa baa 1, hivyo tangi lililo mita 2 juu ya mashine linatoa sehemu ya tano tu ya hapo. Kwa mdomo wa kuoshea mashine ikiwa imezimwa, hiyo inaweza kutosha ukitumia mpira mpana. Njia ya pili ni vikombe viwili vya mpira vinavyobanwa kwenye matundu ya kunyonyea mashine ikiwa inaunguruma. Kwa hivyo, maji ya tangi mara nyingi hayatoshi, kwa sababu impela itavuta kuliko mpira unavyoleta. Ukitumia vikombe, anza kufungua maji ndipo uwashe, na mwisho zima mashine ndipo ufunge maji. Mpangilio huo usigeuzwe hata siku moja.

Njia ya tatu naipenda kwa sababu haihitaji kuagizwa kutoka popote. Mpelekee fundi wa maturubai ya malori kipimo cha mguu wa mashine yako, akushonee mfuko mrefu wenye chini iliyofungwa, mdomo mpana na kamba nne. Mashine ikiwa imeinuliwa, uvike mfuko huo mguuni kama soksi, funga kamba kwenye tezi, jaza maji baridi kwa dumu mpaka yafunike matundu, shusha mashine kidogo kidogo. Bahari ya nje inasukuma mfuko kwa ndani na kuusaidia kubeba uzito. Washa kwa nyutro, dakika zile zile, na usiondoe jicho kwenye kina cha maji ya mfuko, kwani mchirizi unamwaga nje na maji yanapungua. Mtu wa pili awe na dumu mkononi. Rafadha ndiyo adui wa mfuko. Itolewe, au gia ichungwe kwa mkono.

Wapo pia waliobarikiwa mto. Boti inayoishi Pangani, kwenye delta ya Rufiji, au Kipini ambako Tana inaingia baharini, inaweza kuoga kwa kupanda mto tu, dakika chache, huku nahodha amekaa. Lakini bahari nayo hupanda mto. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, chumvi husukumwa juu kuliko mtu anavyodhani, na ukiogeshea pale unaogesha kwa bahari iliyobadilisha rangi. Ngoja maji yapwe, panda mpaka ukichovya kidole na kuonja usisikie chumvi. Na wakati wa masika, mto ukiwa mwekundu kwa udongo, afadhali pipa la nyumbani: mchanga ule husaga impela na kuziba vijia vile vile ulivyokuja kuvisafisha.

Sasa tuzungumze maji yenyewe, kwa sababu hapa mzaha wote unasimama. Kwenye visiwa vyetu maji baridi ni ya watu kwanza. Mji wa Lamu unakunywa maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na maji hayo hayaongezeki kwa sababu mashine zimeongezeka. Mwanamke aliyepanga foleni na ndoo yake asisogezwe kwa ajili ya pipa la boti. Mashine ina vyanzo viwili vyake vya halali. Cha kwanza ni kisima cha maji ya chumvichumvi ambacho hakuna anayekinywa. Cha pili ni bati la banda lake mwenyewe. Kila milimita ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Banda lenye paa la mita za mraba 20, mvua moja nzuri ya vuli ya milimita 30, ni lita 600: mapipa matatu, na kwa hesabu yetu ya chaki ni zaidi ya mara 50 za kuoga. Weka mfereji wa bati pembezoni mwa paa, uache mvua ya mwanzo ipite iondoe vumbi la chumvi na kinyesi cha ndege, kisha elekeza kwenye pipa lenye mfuniko ili mbu wasipate makazi. Wazee wa Pate na Lamu walijenga majabia ya kuhifadhi mvua kwa ajili ya watu. Mabanda yetu ya mashine yana mapaa makubwa, na mvua yote inaingia mchangani.

Baada ya kuoga, mashine isilazwe. Iache wima kwenye ubao wake mpaka maji yote yashuke, ukiivuta kamba ya kuwashia mara mbili tatu taratibu, swichi ikiwa imezimwa, impela imalizie kusukuma yaliyobaki. Ukiilaza ikiwa bado imejaa, kichwa kikiwa chini kuliko mguu, maji yanaweza kurudi kwa njia ya moshi hadi ndani ya silinda. Kama banda halina nafasi ya kuisimamisha, tafuta alama ya upande wa kulazia, mashine nyingi ndogo zinayo, na kichwa kiwe juu kuliko rafadha.

Nje ioshwe pia: kofia ifunguliwe, ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, isipigwe maji ya mpira kwenye nyaya na kabureta. Tundu la mchirizi lizibuliwe kwa kipande kigumu cha mshipi wa nailoni, ambacho hakikosekani kwenye boti yoyote ya uvuvi. Waya wa chuma huchubua. Zinki zilizofungwa mguuni ziangaliwe. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya mashine, kwa hiyo zikiliwa nusu ufurahi, na uzibadilishe. Usizipake rangi, kwani zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi.

Kuna usiku ambao hakuna ruhusa ya kuukosa. Wavuvi wengi wa pwani hawatoki Ijumaa, basi usiku wa Alhamisi mashine inakwenda kukaa mchana mzima na usiku mwingine bila kuguswa. Kusi likishika na vyombo vidogo vikipandishwa ufukweni kwa wiki nzima au zaidi, kuoga kwa mara ya mwisho kuwe kwa maji mapya, si ya mstari wa tisa wa chaki. Mashine ikiwa ya kabureta, dakika ya mwisho chomoa mpira wa mafuta iache imalize petroli iliyobaki izime yenyewe. Fungua plagi, tia oili kijiko kimoja kwenye kila silinda, zungusha kwa kamba, funga plagi. Paka grisi shafti ya rafadha. Kisha andika kwa chaki kwenye ukuta wa banda, juu ya kichwa cha mashine, mwezi na mwaka impela ilipobadilishwa, ili atakayeishusha kusi likiisha asianze kwa kubahatisha.